Soko la Ballarò, Palermo: kipi ununue, kipi ukipite

Karibuni watazamaji. Leo tunachambua bidhaa za soko la Ballarò, mjini Palermo, kisiwani Sicily. Kutoka stesheni kuu ya treni ni mwendo mfupi kwa mguu. Nenda asubuhi, na kama shida yako ni samaki, usiende Jumatatu, maana boti nyingi hupumzika Jumapili.

Kabla hujatoa hela, tazama juu. Vibanda vingi vimefunikwa maturubai mekundu, na chini yake taa zinawaka mchana kweupe. Wekundu ule unaipa nyama na samaki sura ya kitu kilichofika sasa hivi. Mwombe muuzaji akusogezee bidhaa kwenye mwanga wa jua. Usiiguse mwenyewe. Kuminyaminya nyanya pale ni utovu wa adabu, muuzaji ndiye anayechagua na kukupimia.

Sasa samaki. Achana na kelele za muuzaji, soma kibao. Sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka aandike jina la samaki, kama amevuliwa (pescato) au amefugwa (allevato), na eneo alikotoka. Eneo huandikwa kwa namba za FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa: FAO 37 ni Mediterania, 37.1 ni sehemu yake ya magharibi, pamoja na bahari ya Palermo na kaskazini mwa Sicily, na 37.2 ni sehemu ya kati, pamoja na bahari ya kusini na mashariki mwa Sicily. FAO 27 ni Atlantiki ya kaskazini mashariki, kwa hiyo huyo kasafiri kama wewe. Neno decongelato maana yake aligandishwa akayeyushwa, usimrudishe kwenye friza. Na popote Italia ukiona persico africano, huyo ni sangara. Hukupanda ndege kwenda kula samaki wa Mwanza!

Pesce spada, yule mwenye pua ya upanga, huuzwa vipande. Angalia lile doa la nyama iliyokoza rangi katikati ya kipande: likiwa jekundu la damu, chukua, likigeuka kahawia, kalala sana.

Bidhaa ninayoipa alama za juu kabisa ni kapari za chumvi, kibao kitasema capperi sotto sale. Hivi ni vitumba vya maua vinavyochumwa kwa mkono kabla havijachanua, ndiyo maana vidogo ni ghali kuliko vikubwa. Zinazosifika zaidi ni za kisiwa cha Pantelleria, kilicho karibu na Tunisia kuliko Sicily. Jina hilo linalindwa kisheria, kwa hiyo tafuta pakiti iliyofungwa yenye alama ya IGP. Zile za kuchota kwenye ndoo zinaweza kuwa zimetoka Morocco au Uturuki. Si mbaya, ila usizilipie bei ya Pantelleria. Kapari nzuri ni ngumu kidogo, kijani cha zeituni, na chumvi yake haijawa uji. Nyumbani zisuuze, ziloweke maji baridi nusu saa hadi saa moja ukibadilisha maji mara mbili, na uzitie mwishoni mwa mapishi. Wengi huharibu hapa: wanaziosha juu juu, kisha wanatia chumvi ya kawaida kwenye chungu.

Pistachio za Bronte, kutoka miteremko ya mlima Etna, ndipo wageni wanapopigwa. Mavuno yake ni mwaka mmoja ndiyo, mwingine hapana, hivyo bei haiwezi kuwa ya kutupa. Nunua punje nzima: ganda la ndani la zambarau, ndani kijani kibichi. Unga usichukue, hujui umechanganywa na nini. Kwenye chupa za krimu soma viambato; sukari ikitajwa kwanza, umenunua sukari.

Estratto, nyanya iliyokaushwa juani hadi ikawa rojo nzito ya rangi ya matofali, nayo inafaa sana. Kijiko kimoja kinatosha mchuzi wa watu wanne. Ukishafungua, funika uso wake kwa mafuta ya zeituni, la sivyo itaota ukungu.

Bei: ukiona 2,50 l'etto, hiyo ni ya gramu 100, yaani euro 25 kwa kilo. Hapo ndipo watu hushtuka kwenye mizani. Kupatana bei kwa mtindo wa Kariakoo hakupo sana, labda jioni wakifunga.

Kwenye ndege, estratto na krimu ziweke kwenye begi la chini, uwanjani zinahesabika kama vimiminika. Kapari za chumvi kavu unaweza kupanda nazo, ila zifunge mifuko miwili, chumvi hutoa maji.