Duka la dawa za asili, nyuma ya soko la Majengo: unga nunueni, chupa ziacheni

Mama yangu ana kisukari aina ya pili. Anameza metfomini asubuhi na jioni, na glibenklamidi asubuhi. Majani pia hayakosekani nyumbani, na hapa Dodoma wagonjwa wengi wako hivyo hivyo, kwa hiyo naandika kwa ajili ya wanaowanunulia wazazi wao. Duka lenyewe ni dogo, halina bango. Ukishawapita wauza ubuyu na karanga, ulizia mama wa mlonge.

Kilichonifanya niwe mteja wake ni swali. Nilitaka karela iliyokaushwa, lile tunda chungu linalosifiwa kushusha sukari, na kabla hajapima chochote akaniuliza, "Bibi anatumia vidonge gani vya hospitali?" Nilipotaja glibenklamidi, karela ikarudi kwenye rafu. "Hivyo vidonge vinashusha, na hii inashusha. Utamwangusha mama yako, mwanangu." Hakuniuzia, na nilimshukuru. Nyumbani tulishaonja hatari hiyo: shangazi alimletea mama chupa ya "dawa ya sukari" kutoka kwa mchuuzi wa stendi. Usiku mama akaloa jasho, mikono inatetemeka, mashine ya sukari ikasoma 3.1, chini mno. Soda ndiyo iliyomrudisha. Sijui chupa ile ilikuwa na nini, lakini kwingineko duniani wakaguzi wameshakamata dawa za mitishamba zilizotiwa glibenklamidi kwa siri, na mgonjwa anayemeza yake anajikuta amezidisha dozi.

Unga wa mlonge wa hapa ni mzuri kweli. Mimina kidogo kiganjani: ni wa kijani kibichi, laini, unanukia majani, wala hauna vijiti. Unaoanikwa juani huwa wa kahawia na umepoteza harufu. Huyu mama anakausha kivulini, na kila mfuko ameuandikia kwa kalamu tarehe aliyoufunga. Robo kilo ni shilingi 5,000. Mama yangu anaunyunyizia kwenye mlenda, anakula na ugali wa uwele. Uwatu nao ni safi, hauna mchanga. Una nyuzi zinazofanya utelezi tumboni na kuchelewesha sukari ya chakula kuingia kwenye damu, ndiyo maana madaktari wengine hawaukatai.

Msitarajie zaidi ya hapo. Utafiti wa mlonge kwa wagonjwa wa kisukari bado ni mdogo, na majibu yake hayalingani. Sukari ya mama imetulia, lakini vidonge hajaviacha, na wanga kwenye sahani tumepunguza. Siwezi kuupa mlonge sifa yote.

Ninalolalamikia ni zile chupa za dondoo za mimea. Mchana anakaa kijana, naye anazisukuma kwelikweli. Lebo moja inadai kutibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume. Haina kipimo cha dozi, wala namba ya usajili ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Sisemi hivi kwa kudharau mimea. Metfomini yenyewe ilianzia kwenye mmea, Galega officinalis, uliotumika Ulaya tangu zamani. Kemikali iliyomo ilikuwa na sumu, wakemia wakatengeneza ndugu yake aliye salama zaidi, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa kwa metfomini. Kazi ya kupima na kujua kiasi ndiyo inayokosekana kwenye chupa hizi, na bei yake ni 25,000! Fedha hiyo heri ununulie vijiti vya mashine ya sukari.

Unga na ushauri wa mama wa mlonge navipa nyota tano, chupa sizipi hata moja. Nendeni asubuhi yeye akiwepo, mkiwa na orodha ya vidonge vya mgonjwa, na mkishanunua mwambieni daktari wa kliniki mnachotumia. Mwenye matatizo ya figo amuulize daktari kabla hajanunua.