Triga ya bunduki ya bolti: ipi ununue, na skrubu ipi uiache

Kabla hujatuma dola kwa mtu yeyote, pima triga uliyo nayo, yaani nguvu inayohitajika kuivuta mpaka ifyatue. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, itie maji lita moja, ifunge kamba shingoni na ncha ya kamba uifunge ndoano ya waya mnene. Fungua bolti, tazama chemba kwa jicho, kisha ingiza kidole uhakikishe kwamba ni tupu. Koki bunduki, isimamishe mtutu ukitazama juu, toa sefti (kizuizi cha usalama), tundika ndoano katikati ya triga, halafu inua polepole mpaka chupa iachane na sakafu. Ikifyatuka, triga iko chini ya kilo moja. Isipofyatuka, ongeza maji kidogo kidogo. Lita moja ya maji ni kilo moja, hesabu haina ubishi.

Ukishapima ndipo utajua kama una shida ya uzito au ya mburuzo. Watu huchanganya mambo haya mawili. Triga ya kilo 2 inayokatika mara moja inapigika vizuri kabisa. Triga ya kilo moja na nusu inayoburuza, inakwama, inaburuza tena kama kiti kinachovutwa kwenye sementi, hiyo ndiyo inayokufanya ukose swala pala aliyesimama mita 90.

Orodha yangu ni ya mtu anayebeba bunduki porini Uganda, mwenye leseni, na si ya mshindani anayepiga shabaha akiwa ameketi mezani. Uwindaji wa kitalii nchini ulisimamishwa mwaka 1979, ukarudishwa kwa majaribio mwaka 2001 katika ardhi zinazozunguka Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo. Anayeijua Kiruhura wakati wa kiangazi anajua ninachosema: vumbi la ng'ombe wa pembe ndefu, mbegu za nyasi zinazoingia hata kwenye soksi, na asubuhi umande mpaka magotini. Msakaji wako, yule anayefuata nyayo, anatembea hatua chache mbele ya mtutu. Triga nyepesi mno mahali hapo ni hatari tupu.

Namba moja, na haina gharama: ile ile uliyo nayo, ikisafishwa. Toa kitako, mwagia mtambo wa triga petroli ya laita, ufyatue mara kadhaa ukiwa bado umelowa, umwagie tena, uache ukauke. Usitie mafuta. Nimeona triga zilizonyunyiziwa mafuta ya kopo kila wiki kwa miaka, na ndani yake mmekuwa na ugando wa rangi ya chai, vumbi jekundu limeshikana nao kama ulimbo. Baada ya kuosha, "triga mbovu" inapona. Kama una Tikka T3, skrubu yake ya uzito inakupeleka kati ya takribani kilo 1 na 2 bila kununua chochote. Savage yenye AccuTrigger, ile yenye ulimi mwembamba katikati ya triga, nayo imeundwa mwenyewe airekebishe. Wenye hizo mbili, wekeni pesa zenu kwenye risasi za mazoezi.

Namba mbili: Timney, kwa wenye Mauser 98. Mtambo huu wa mwaka 1898 bado uko mikononi mwa watu wengi Afrika. Bell, yule Mskoti aliyewinda ndovu Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20, alipenda risasi ya .275 Rigby, ambayo ni 7x57 ya Mauser kwa jina la Kiingereza. Triga ya kijeshi ya Mauser inavutwa kwa hatua mbili: kwanza unaondoa ulegevu, unagonga ukuta, kisha unafyatua. Hiyo si kasoro. Vidole vikitetemeka mbele ya nyati, ule ukuta unakuambia umefika wapi. Lakini ukitaka hatua moja iliyo safi, Timney ndiyo ninayoiweka mbele. Ni kampuni ya Marekani iliyoanza 1946, na triga yake ya Mauser inashikwa na pini ile ile ya zamani pamoja na skrubu ya kuikaza. Jiandae kuchonga mbao kidogo ndani ya kitako, maana boksi lake ni nene kuliko la zamani. Ukisahau hilo, triga itasugua mbao na utamlaumu aliyeitengeneza bure.

Namba tatu: TriggerTech ya Kanada, kwa wenye Remington 700 na bunduki zilizonakili mtambo wake. Ndani yake kuna kigurudumu kidogo kati ya triga na jino linaloshika pini ya kupiga risasi, kwa hiyo vyuma vinabingirika badala ya kusuguana, na mburuzo unapotea. Mfano wao wa Primary unarekebishika kutoka kama gramu 700 hadi kilo 1.8. Mwenye Remington ana sababu nyingine pia: mwaka 2014 kampuni hiyo iliziita zirudishwe bunduki zenye triga ya X-Mark Pro zilizotengenezwa kuanzia Mei 2006 hadi Aprili 2014, kwa sababu gundi ya kiwandani iliyozidi ingeweza kuzifanya zifyatuke zenyewe. Kama yako ni ya miaka hiyo na hujui historia yake, kwako wewe hii inapanda hadi namba moja.

Kubadilisha springi peke yake ni rahisi na kunapunguza uzito, ila mburuzo unabaki pale pale. Jewell, triga nyingine ya kununua, ni kazi nzuri sana ya mikono, naiacha kwa wapiga shabaha wa mezani. Vyuma vyake vidogo havitaki vumbi letu. Na CZ 550 yenye triga ya kusukuma mbele ili iwe nyepesi: itumie ukiwa umelala chini na mnyama ametulia. Ukiwa unatembea, iache.

Kuhusu kuagiza: hii ni sehemu ya silaha, haiagizwi kama kava ya simu. Anza na ofisi ya polisi iliyokupa leseni, kisha muuzaji wa silaha aliyesajiliwa.

Sasa marekebisho. Triga nyingi za aina hii zina skrubu za kazi tatu. Ya kwanza ni uzito, hiyo ni yako, icheze robo mzunguko kwa wakati, ukirudi kwenye chupa ya maji kila mara. Mimi naishia kilo 1.3 kwa swala pala na kob (naye ni aina ya swala), na sishuki chini ya kilo 1.5 kwa bunduki ya nyati. Ya pili ni mwendo wa triga baada ya kufyatuka; ukiukaza mno bunduki haitafyatuka kabisa, kwa hiyo acha nafasi kidogo. Ya tatu ni kina cha jino, yaani jino linashika kwa kiasi gani. Hiyo usiiguse.

Nasema hivi kwa sababu mgeni mmoja alikuja kambini na bunduki ambayo fundi wake "aliilainisha". Alikuwa anafunga bolti tu, kidole hakipo kwenye triga, ikalia. Risasi iliingia kwenye kichuguu, hatua mbili kutoka kwa msakaji wetu. Jino lilikuwa limebaki limeshika kwa unene wa ukucha.

Kwa hiyo ukimaliza, chemba ikiwa tupu, funga bolti kwa nguvu mara 20, sefti ikiwa imetolewa. Pini isidondoke hata mara moja. Weka sefti, vuta triga kwa nguvu, achia, kisha toa sefti: kimya. Halafu koki, weka kandambili sakafuni na udondoshe kitako juu yake kutoka kimo cha shubiri moja, mara kadhaa. Ikifyatuka popote hapo, rudisha uzito au mpelekee fundi. Ikipita, tia tone la rangi ya kucha kwenye kila skrubu, likauke usiku kucha. Fanya kazi hii juu ya shuka jeupe, maana springi ya kizuizi cha bolti kwenye Remington ikiruka nyasini umeipoteza.

Na usiende nayo porini kesho yake. Kitako kimefunguliwa, darubini si ya kuaminiwa tena. Piga mita 25 kwanza, urekebishe, ndipo upige tatu za mita 100.