Pencheni Jamii ya Zanzibar na gharama za makaazi: inambeba nani, inamwacha nani

Kwa mzee mwenye nyumba yake, Pencheni Jamii ni msaada wa maana. Kwa mzee anayepanga chumba, yote inaishia mkononi mwa mwenye nyumba, na mara nyingi bado hudaiwa nyongeza. Pencheni yenyewe haina fungu la kodi ya nyumba ndani yake. Ni fedha ya kujikimu, na kodi ikitolewa humo, chakula hakibaki. Ndiyo maana hapa tunaipima pamoja na milango mengine ambayo mzee asiye na kipato anaweza kuigonga ili apunguze gharama za kukaa: nyumba za wakfu (zilizotolewa na wenyewe kwa ajili ya Mungu, ziwanufaishe watu), nyumba za Shirika la Nyumba na nyumba za wazee za Serikali.

Kwanza pencheni. Ilianza Aprili 2016, wakati wa urais wa Dk. Ali Mohamed Shein, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa mzee aliyetimiza miaka 70. Katika awamu ya Dk. Hussein Ali Mwinyi imepandishwa hadi 50,000, yaani 600,000 kwa mwaka. Inatoka kwenye bajeti ya Serikali ya Mapinduzi, mzee hachangii kitu, na haiangalii kipato. Mvuvi wa Kojani ambaye hajawahi kuandikiwa mshahara na mwalimu mstaafu wa Mkunazini wanapata sawasawa. Sifa hii tunaithamini sana. Msaada unaochagua maskini wa maskini, kama ule wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) kwa kaya, lazima upitie mchujo, na kwenye mchujo wapo wanaoachwa wakati wanastahiki, na maneno hayakosekani mtaani. Umri hauna mgogoro wa namna hiyo, ilimradi karatasi zinasema kweli.

Na hapo ndipo wengi wanapokwama. Safari huanza kwa sheha, yaani kiongozi wa Serikali wa shehia (mtaa au kijiji) anayokaa mzee, halafu maafisa wa ustawi wa jamii walio chini ya wizara inayoshughulikia wazee. Karatasi inayobeba kila kitu ni Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Wazee wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa walipoandikishwa zamani, umri ukakisiwa, na wapo waliokisiwa chini. Mtu wa miaka 72 ambaye kitambulisho kinamwandika 66 atasubiri, hata kama shehia nzima inamjua. Kusahihisha tarehe ni kazi ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii katika ofisi ya wilaya, na inataka ushahidi: cheti cha skuli au cha chuo, kadi ya zamani ya kazi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wakubwa, hati ya ndoa. Ianzwe mzee akiwa na miaka 68 au 69, kwa sababu kusahihisha tarehe kunachukua muda mrefu kuliko kuandikisha.

Kosa la pili ni majina. Kitambulisho kinasema Mwanaasha, laini ya simu inasema Asha, daftari la benki lina jina la babu lililokatwa. Malipo yanapopita kwenye simu au benki, mfumo hausamehe tofauti hiyo. Yalinganishwe majina yote matatu kabla ya kuandikisha. Laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole, na bibi aliyesokota kamba za usumba au aliyefunga mwani miaka thelathini huwa vidole vimesuguka, mashine haivisomi. Ajaribu vidole vyote, si dole gumba na kidole cha shahada peke yake, na mikono ioshwe na ikaushwe vizuri. Njia ya mkato ya kutumia laini ya mjukuu hatuipendekezi hata kidogo. Mjukuu akisafiri, akibadilisha laini au akishikwa na shida, fedha ya kodi ya mzee imekwenda, na kuirudisha ni vigumu mno. Laini iwe ya mzee mwenyewe, na namba ya siri aijue yeye na mtu mmoja tu anayemwamini.

Sasa hesabu ya mpangaji. Wenye nyumba wengi wa mjini wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Tuseme chumba ni 60,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 360,000. Pencheni ya miezi sita ni 300,000. Mzee ameshapungukiwa 60,000, na hajanunua hata kibaba cha mchele. Ugumu mwengine ni wa wakati: pencheni inakuja kidogo kidogo, kodi inadaiwa yote siku moja. Kwa hiyo familia inayotaka kusaidia ingefanya vyema kuilipa kodi moja kwa moja kwa mwenye nyumba, kwa maandishi na risiti, na kumwachia mzee pencheni yake kwa chakula na dawa. Wakimpa mzee fedha ya kodi mkononi, italiwa na shida ya kwanza itakayobisha hodi, na hakuna wa kumlaumu. Mwenye nyumba naye aombwe kupokea kila baada ya miezi mitatu. Wapo wanaokubali, khasa kwa mpangaji mzee ambaye hahamihami.

Nyumba yenye mita moja ya umeme wa TUKUZA (wa kulipia kabla) kwa wapangaji watano inamuumiza mzee vibaya. Yeye anawasha taa moja na redio, jirani ana friji na pasi, na mchango unagawanywa sawa kwa sawa. Aidha ifungwe mita ndogo ya ndani kwa kila chumba, au ukubaliwe mgao kwa vyombo vilivyomo. Likubaliwe kabla ya kuhamia, kwani baada ya hapo huonekana ni ugomvi.

Kwa mzee mwenye nyumba, hesabu ni nyengine kabisa, na hapa pencheni tunaipa alama za juu. Adui wake mkubwa ni paa. Makuti ya viungo yakipangwa kwa kubanana na paa likiwa na mteremko mkali, maji hukimbia na ezeko hudumu; yakitandazwa mbalimbali ili kuokoa idadi, masika mawili tu yanaanza kuvuja. Fedha ikitengwa kidogo kila mwezi, makuti yanunuliwe Januari au Februari, kabla ya masika ya Machi hadi Mei, wakati mafundi hawajashikwa na kazi. Kwa wanaoezeka mabati, geji 28 ni nene kuliko geji 30, na karibu na bahari tofauti hiyo inaonekana mapema. Misumari ipigwe kwenye mgongo wa bati, ikiwa na vishikizo vya mpira, kwani tundu lililopo bondeni ndiko maji yanakopita. Nyumba ya udongo na boriti inaharibiwa zaidi na maji ya chini kuliko ya juu: mfereji mdogo wa kuyatoa maji ya mvua mbali na kiambaza ni kazi ya siku moja ya jembe, na unaokoa ukuta mzima.

Baada ya pencheni, mlango unaostahiki sifa kuliko unavyosifiwa ni nyumba za wakfu. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inasimamia nyumba nyingi, na nyengine ziko ndani ya Mji Mkongwe. Wengi wa walioziweka walikusudia maskini na wajane wapate pa kukaa, na kodi zake kwa kawaida ni nafuu kuliko za mtaani. Zinapatikana kwa shida, kwa sababu anayeingia hatoki. Muombaji aandike barua, aambatishe kitambulisho na barua ya sheha, kisha afuatilie. Barua iliyoachwa bila kufuatiliwa hulala. Mkataba uwe kwa jina la anayekaa humo. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu ya wajane: mume mwenye mkataba akifariki na mke hajaandikwa, mke huanza kujieleza upya akiwa katika eda. Kumkodisha mtu mwengine chumba cha nyumba ya wakfu ili kupata chochote ni njia fupi ya kuipoteza nyumba yenyewe.

Gharama halisi ya nyumba hizi ni matengenezo. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari ni boriti. Fundi akipiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, unyevu unafungiwa ndani, chumvi inachimba na lipu inabanduka kwa vipande. Ncha ya boriti iliyomo ukutani ndiyo inayooza kwanza, pale panapovuja, wala haionekani kwa chini. Kumwaga zege juu ya dari ya boriti kunaongeza uzito ambao ukuta haukujengewa. Ndani ya Mji Mkongwe matengenezo yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, na ukarabati usio na kibali unaweza kusimamishwa nusu, paa likiwa wazi. Mzee akiona dari imeanza kuinama aripoti kwa maandishi na abaki na nakala.

Nyumba za Serikali, zile za Michenzani, Kikwajuni, Kilimani na Makunduchi kwa Unguja, na Madungu, Wete, Mkoani na Micheweni kwa Pemba, ziko chini ya Shirika la Nyumba lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014. Kwa mzee ambaye tayari anakaa humo ni neema. Kwa anayetafuta leo, asizitegemee. Na anayebahatika kupewa aulize ghorofa kwanza: ngazi za Michenzani si za magoti ya miaka 75, na ndoo ya maji ya kupandishwa juu inalipiwa. Kubadilishana na familia changa ya ghorofa ya chini ni jambo la busara, lakini lipitie Shirika kwa maandishi, lisiwe la kupeana funguo.

Kuna pengo ambalo hakuna huduma kati ya hizi inayoliziba vizuri, nalo ni miaka 60 hadi 70. Mwanachama wa ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar) anastaafu kwa umri wa miaka 60 na anapata kiinua mgongo na pencheni yake ya mwezi. Aliyefanya kazi za kuchimba mawe, kuuza samaki au kuchuma karafuu hana kitu mpaka atimize 70. Kwa mwenye kiinua mgongo, ushauri wetu ni mmoja: amalize vyumba viwili na choo, vikae watu, kabla ya kuanza msingi wa vyumba sita. Nyumba kubwa isiyo na paa haimpunguzii mtu kodi hata senti moja.

Halafu mirathi, ambayo inawatoa wajane wengi ndani ya nyumba kuliko kodi. Mume akifa na ameacha watoto, mke anapata thumni, yaani moja ya nane. Akiwa hakuacha watoto, robo. Wake wakiwa wawili, hiyo thumni ni yao wote. Nyumba ikiuzwa ili igawiwe, thumni ya nyumba ya shamba hainunui chumba mjini. Wasia haumsaidii, kwa sababu mrithi hausiwi ila warithi wenzake wakiridhia. Kinachosaidia ni hiba, yaani zawadi, iliyotolewa na kukabidhiwa mke wakati mume yuhai na mzima, au kuweka wakfu wa familia ambao mke anakaa maisha yake yote. Mahari ambayo haikulipwa ni deni, na deni hutolewa kabla ya mirathi kugawiwa. Wajane wengi hawalidai kwa haya, na familia zinanyamaza. Kamisheni ya Wakfu inashughulikia mambo haya, na kwenda kuuliza mapema, wote wawili wakiwa wazima, si kumtakia mtu mauti.

Kwa mzee asiye na nyumba, asiye na watoto wala jamaa wa kumpokea, zipo nyumba za wazee: Sebleni na Welezo kwa Unguja, Limbani, Wete, kwa Pemba. Anapata chumba, chakula na uangalizi kwa gharama za Serikali. Njia ni ile ile ya sheha na ustawi wa jamii, ila hapa maafisa watataka kuhakikisha kwamba kweli hakuna ndugu, kwa hiyo barua ya sheha ieleze hali yenyewe: anakaa wapi sasa, nani anampikia, anaumwa nini, na anadaiwa kodi ya miezi mingapi. Barua ya mistari miwili inayosema "ni maskini" hurudishwa, na mzee anaendelea kulala barazani kwa watu huku inaandikwa nyengine.