Fundi wa mbao, mtaa wa Majengo, Moshi: rangi nampa tano, ahadi nampa mbili

Piano ya wima ya marehemu babu ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Seremala mmoja wa mjini alitaka aipige msasa wa mashine kisha vanishi ya kupuliza. Nikakataa. Vinia (ganda la mbao nzuri linalobandikwa juu) ya piano za zamani ni nyembamba mno, mashine ikiteleza tu unaona mbao ya chini.

Huyu wa Majengo kwanza alidondosha spiriti kwenye kona ya nyuma. Rangi ikalainika, ikanata kidoleni. "Dada, hii ni shelaki, aina ya vanishi inayoyeyuka kwa spiriti, inatoka bila kukwaruzwa." Akaitoa kwa spiriti na stilwaya laini, akifuata nyuzi za mbao, kisha akapaka shelaki mpya kwa kitambaa cha pamba, tabaka jembamba juu ya jembamba. Wekundu wa mbao umerudi, na jina la kiwanda halikuguswa.

Ndani nondo walikuwa wamekula sufu ya nyundo ndogo zinazogonga nyuzi. Hapo alisema wazi si kazi yake, akaniitia fundi wa kurekebisha sauti za piano kutoka Arusha. Naye hakukubali kuvuta nyuzi hadi 440, kipimo cha kawaida cha sauti, kwa mkupuo mmoja: zikikazwa zote, fremu ya chuma inabeba tani zaidi ya 15, na waya wa zamani hukatika. Atarudi kupandisha tena.

Kasoro? "Ijumaa" ya fundi wa Majengo ni Ijumaa yoyote ya mwaka. Bei si ya kitonga pia, na usafiri juu yako. Kabati la kawaida nisingempelekea. Piano, hata kesho.