Marejeo yangu yalivyovurugwa steshenari

Steshenari yenyewe siitaji, ila iko hapa hapa Mtwara mjini. Niwatendee haki kwanza: kuprinti wanajua, kubaindi wanabana vizuri, na bei haiumizi. Lakini kupanga marejeo, ile orodha ya vyanzo mwishoni mwa kazi, kwa mtindo wa APA (kanuni za uandishi za chama cha wanasaikolojia cha Marekani), jamani, hapana.

Niliwapelekea ripoti yangu ya utafiti msimu wa korosho umeshachanganya. Chuo chetu kinataka APA toleo la 7, lile lililotoka mwishoni mwa 2019. Kijana nikampa na mwongozo, nimeupigia mstari kabisa: rejeo likizidi mstari mmoja, wa kwanza unaanzia pambizoni, inayofuata inaingia ndani sentimita 1.27. Akaniambia, "Usijali dada, hizi ndizo kazi zetu."

Siku ya kuchukua nafungua ukurasa wa marejeo nakutana na "Julius, N. K. (1968)". Mwalimu huyo! Mimi niliandika Nyerere, J. K., jina la ukoo likitangulia kama APA inavyotaka, yeye akaligeuza. Na akawageuza waandishi wetu wa Kitanzania wote, Wazungu akawaacha walivyo. Hapo ndipo nilipochomeka. Smith anaamini ni jina la ukoo bila kuuliza, Nyerere ndiye wa kutiliwa shaka, tena nchi hii hii? Juu ya hayo akarudisha "Dar es Salaam:" kabla ya jina la mchapishaji, wakati toleo la 7 limeshauondoa mji.

Kufungua faili kwenye kompyuta ya mwenzangu, mistari imekatika ovyo, jina la kitabu huku, mwaka kule. Kumbe ule mstari wa kuingia ndani aliutengeneza kwa kugonga Enter na spesi, rejeo moja moja, mpaka mwisho! Kwenye Word unachagua orodha nzima, unabonyeza Ctrl na T, kazi imekwisha.

Nikamrudia kwa upole. Hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Sista, kwani msimamizi wako anayasoma hayo ya nyuma?" Wateja wakacheka.

Anayasoma! Wa kwangu huanzia huko huko nyuma. Ndani ya kazi nimeandika (Nyerere, 1968), akienda kwenye N hamkuti, kumbe kafichwa kwenye J. Atasema nini kama si kwamba nimebuni chanzo? Mtu umezunguka Tandahimba na madodoso juani, umehangaika kusoma vitabu, halafu uonekane tapeli kwa sababu kijana mmoja ameona ukurasa wa mwisho ni mapambo.

Kuna dada wa kaunta, huyo Mungu ambariki. Alivuta kiti, tukarudisha majina yote mahali pake, na hakunidai kitu. Kwa ajili yake nilikuwa nimeshaamua kuwaambia nendeni, ila mumuulizie yeye, na asipokuwepo mwondoke na flashi zenu.

Basi nikaomba kurasa zile ziprintiwe upya. Yule kijana, bila hata pole, akanitajia hela ya kuprinti upya makosa aliyoyafanya yeye. Nikalipa, maana tarehe ya kukabidhi ilikuwa imenifika shingoni. Dada anisamehe, lakini mimi pale sirudi, hata kwa fotokopi ya kitambulisho. Na nyie msiende.