The Devil in the Dark ya Star Trek: iangalie mara mbili

Wadau, kama hujawahi kuiona episodi hii na hutaki kujua mwisho ishia hapa hapa, kaitafute kwanza, maana naongea yote. Ni ile Star Trek ya zamani, sirizi ya safari za anga za mbali, ya kina Kirk, nahodha wa chombo, na Spock, msaidizi wake asiyeonyesha hisia, sizoni ya kwanza, ilirushwa kituo cha TV cha NBC kule Marekani tarehe 9 Machi 1967, kaiandika Gene L. Coon kaiongoza Joseph Pevney, na kwangu mimi kwenye sirizi ile nzima hakuna episodi inayoifikia.

Stori iko hivi. Sayari ya Janus VI kuna mgodi wa pergium, madini ya kuendeshea vinu vya nyuklia vya sayari kibao. Huko chini mahandakini kuna kitu kinaunguza watu kwa tindikali hadi wanabaki doa tu, wameshakufa zaidi ya 50, na bosi wa mgodi Vanderberg anachotaka ni kimoja, kiuawe kazi iendelee. Na wewe mtazamaji unakuwa upande wao kabisa, yaani unaomba Kirk afike alimalize lizimwi hilo upesi.

Sasa angalia pale ofisini kwa Vanderberg. Kuna dude la duara kama jiwe lililosuguliwa, Spock analiona anavutiwa nalo anauliza ni nini, anajibiwa ni silikoni tu, halina thamani, yapo maelfu huko chini tangu wafungue handaki jipya. Basi, maongezi yanaendelea na wewe unapita. Kumbe ni yai! Wale jamaa walitoboa hadi kwenye chumba cha mayai wakawa wanayavunja bila kujua, na yule mnyama, Horta, ndiye pekee aliyebaki wa jamii yake, maana kila baada ya miaka 50,000 wanakufa wote anabaki mmoja wa kulinda mayai na kulea watoto. Ndio maana nasema mara mbili, mara ya kwanza unaona zimwi, mara ya pili unaona mama anapigania wanawe, na ushahidi ulikuwa mbele ya macho yako muda wote.

Kitu kingine kilichonikamata ni Kirk na Spock wanavyobadilishana nafasi. Mwanzoni Spock ndiye anayetaka wamkamate akiwa hai na Kirk anamkatalia, amri yake ni kuua. Baadaye Kirk anakutana naye uso kwa uso peke yake, Spock kwa wasiwasi wa rafiki yake anamwambia kwenye redio muue nahodha, muue haraka, na Kirk ndiye anayegoma kwa sababu anaona mnyama kajeruhiwa na wala hamrukii. Hakuna hotuba yoyote, ni watu wawili tu na kile kila mmoja anachoogopa kukipoteza.

Halafu Spock, ambaye ana uwezo wa kuingia kwenye mawazo ya kiumbe mwingine, anaunganisha akili na Horta. Leonard Nimoy, aliyeigiza Spock, mtu ambaye siku zote kakaza uso, anapiga ukelele wa maumivu hadi nywele zinakusimama, kisha anaanza kuwalilia watoto kwa sauti ya mama. Daktari McCoy wa chombo chao naye anaitwa kumtibu Horta, mnyama wa mwili kama jiwe, analalamika kwamba yeye daktari sio fundi mwashi, lakini anaagiza zege anamziba kidonda kama anapiga plasta ukuta, na mgonjwa anapona.

Halafu kuna hili, episodi nzima hakuna mwanamke hata mmoja anayeongea, ni wanaume watupu na bunduki zao, na kiini cha stori ni mama.

Kuhusu muonekano tusidanganyane, Horta ni mtu kavaa kitu kama zulia la mpira anatambaa chini. Mtu mwenyewe ni Janos Prohaska, na kwa kweli anamchezesha vizuri, anatetemeka, anajikunyata, anarudi nyuma polepole, mpaka unamwonea huruma kabisa. William Shatner, aliyeigiza Kirk, alipata habari ya kifo cha baba yake wakiwa wanairekodi hii, na amewahi kusema ndiyo anayoipenda kuliko zote.

Kinachonikera ni mwisho. Wachimbaji wanakuja na marungu, Kirk anasimama mbele yao anawaeleza kuhusu mayai, haijapita muda wameshakubaliana watoto wa Horta watoboe mahandaki na wao wakusanye madini, wote wanatabasamu watakavyotajirika. Sawa, amani ni amani, ila wenzao zaidi ya 50 wamekufa na mayai mangapi yamevunjwa, hakuna hata anayekaa kimya dakika moja kuwakumbuka. Nilitaka nimwone Vanderberg na lile yai la ofisini kwake, analirudishaje kwa mwenyewe.

Naipa 9 kati ya 10. Wanafamilia wanaweza kuiangalia pamoja, ila mlinzi anauawa mwanzo kabisa na ukelele wake unatisha, kwa hiyo watoto wadogo wasiachwe peke yao.