Kanisa lililotoweka: bamba la alumini au karatasi ndani ya fremu?

Kanisa kuu la kale la Mtakatifu Paulo jijini London, lililoteketea katika moto mkubwa wa mwaka 1666, tunalifahamu zaidi kupitia michoro ambayo msanii Wenceslaus Hollar aliichonga kwenye mabamba ya shaba katika miaka ya 1650. Anayetaka kuipamba sebule yake kwa nakala ya mmojawapo wa michoro hiyo ana njia mbili: bamba la alumini, au karatasi ya pamba ndani ya fremu. Picha ya alumini huchapwa kwa joto kali linaloipenyeza rangi ndani ya utando uliopakwa juu ya bamba, hivyo haiathiriwi upesi na unyevu, hufutwa vumbi kwa kitambaa laini, wala haihitaji kioo. Ila bamba linalong'aa huakisi dirisha lililo mkabala nalo, na mistari myembamba ya Hollar, ambayo ndiyo roho ya kazi yenyewe, humezwa na mng'ao huo. Karatasi ya pamba hudhoofishwa na unyevu na jua, lakini huutunza weusi wa wino. Kwa michoro hii ningechagua karatasi bila kusita. Kwa picha za kamera, kama zile za kanisa la Paulinerkirche la Leipzig, Ujerumani, lililolipuliwa tarehe 30 Mei 1968, ningechagua alumini isiyong'aa.